Ilungu Si Tanuri

Malenga wenzangu, nina deni la neno moja, na mwezi Julai nilichukua siku tatu za likizo kwenda kulilipa.

Miaka kumi na mmoja iliyopita niliketishwa kwenye jopo la waamuzi wa shindano la ushairi la wanafunzi wa sekondari. Shairi mojawapo lilitoka Sumbawanga. Lilikuwa tarbia iliyotimia: mishororo minne kwa kila ubeti, mizani nane ukwapi na nane utao, vina vya kati na vya mwisho vimepangwa bila kuyumba. Katika ubeti wa tatu kina cha kati kilikuwa ngu. Mtunzi alianza na uchungu, akaja na fungu, akaja na chungu, na katika mshororo wa nne akaweka neno ilungu. Sikulijua. Nilifungua kamusi iliyokuwa mezani, sikuliona. Basi nikalipigia mstari wa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni, “Si Kiswahili. Tumia tanuri,” nikakata alama, na shairi likashuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya nne.

Ta-nu-ri ni mizani tatu, sawasawa na i-lu-ngu, kwa hiyo mizani haikuteteruka. Kilichovunjika ni kina. Mwamuzi wa vina alimshauri mtunzi avunje kina, na katika jopo zima hakuna aliyeliona hilo. Niliigundua aibu hiyo mwaka huu tu, nilipokuwa nikipanga karatasi za zamani na kuikuta nakala yangu, mstari mwekundu ukiwa bado unang'aa.

Mtunzi yule sasa ni mwalimu wa shule ya msingi hukohuko Sumbawanga. Nilimtafuta kwa marafiki wa ushairi, nikampata kwa simu, nikamwomba radhi, kisha nikamwomba anionyeshe hilo ilungu. Alicheka kidogo, akasema, “Karibu sana, Mwalimu. Ila uje na sweta.”

Kuna aina ya maandishi ya safari ambayo sote tumeyasoma: siku mbili au tatu mjini, asubuhi katika makumbusho ya sanaa, jioni mbele ya chakula cha wenyeji, kisha kurudi nyumbani na picha na shibe. Miji inayotajwa ni ileile kila mara. Mimi niliamua kuufuata utaratibu huo hatua kwa hatua katika mji ambao hautajwi. Nilipowaambia wenzangu wa Mbeya, mmoja aliniuliza kama narudi kwa basi au kwa ungo.

Mzaha huo wa ungo ni mkongwe, nao umeudhulumu mji ule kwa sababu ya kutosoma. Sumba, kwa Kifipa, ni tupa. Wanga ni uchawi. Jina la mji ni amri ya maneno mawili, inayomwambia kila aingiaye aache uchawi wake nje. Hebu fikirini mwenye nyumba aliyebandika mlangoni onyo la wezi, kisha wapita njia wakaisoma nusu ya onyo na kumwita yeye mwizi! Na hilo la pili katika jina si neno geni kwetu hata kidogo. Kiswahili kina kitenzi kuwanga, na afanyaye kazi hiyo ya usiku ni mwanga, wingi wake wanga. Kiswahili hichohicho kina wanga wa mahindi, wa mihogo na wa viazi, ambao mtoto wa shule huufahamu mapema zaidi kuliko ule mwingine. Mwanafunzi wa somo la lishe anaweza kudhani Sumbawanga ni mji uliotupa ugali. Nilipofika na kuketi mezani nilihakikisha kwamba haukuutupa.

Barabara ya lami kutoka Tunduma ni zaidi ya kilomita 200, ikipitia Laela, nayo yote iko juu juu, katika uwanda wa nyasi na mashamba ambao Julai huwa umekwisha kuvunwa na kubakia rangi ya mkeka wa zamani. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa wa baridi, mambo mawili ambayo mtu wa pwani hayategemei kuyapata kwa wakati mmoja. Mwalimu wangu mdogo alinipokea stendi. “Shikamoo, Mwalimu.” “Marahaba, binti.” Alilitazama sweta langu, akatingisha kichwa, akanipeleka moja kwa moja kwa mama lishe.

Tulipita kata iitwayo Mazwi. Kwa Kishona, mazwi ni maneno, au sauti. Sijengi nyumba juu ya mfanano huo, maana lugha za Kibantu zina mitego mingi ya aina hiyo. Lakini kwa mtu aliyefunga safari kwa ajili ya neno moja, kupita chini ya kibao chenye jina hilo kulimfanya ageuke mara mbili.

Kibao cha mama lishe kilikuwa na maneno mawili ya chaki: UGALI SAMAKI. Niliuliza, samaki gani? Hapo ndipo kibao kilipofunguka. “Mgebuka yupo, baba. Kuhe alikwisha mchana. Sangala leo hakuja.” Mgebuka wa kukaanga au wa moshi? Na ugali, wa ulezi au wa mahindi? Nilichagua mgebuka wa moshi na ugali wa ulezi, ambao rangi yake ni ya udongo wa kichuguu baada ya mvua, na ambao hautaki haraka: unaumega, unaubonyeza, unauacha ulimi uzoee uchachu wake mdogo kabla ya kutia mchuzi. Samaki alikuwa na moshi hadi mfupani. Kulikuwa na maharage, kama inavyopasa katika mkoa huo, na pembeni sahani ndogo ya mboga ya majani ambayo sikuwahi kuila. Mama alinitajia jina lake kwa Kifipa mara tatu. Niliandika tahajia tatu tofauti daftarini, na sithubutu kuchapa hata moja.

Huyo mgebuka alinifundisha jambo ambalo vitabu vyangu havikunifundisha. Ni samaki asiyepatikana kwa asili katika ziwa lolote duniani isipokuwa Tanganyika. Kuhe naye ni hivyohivyo. Wana majina yao waliyopewa na watu wa kandokando ya ziwa, na majina hayo yamepanda uwanda wa Ufipa, yamekwenda Mbeya kwa magunia na matenga, yamefika Dar es Salaam, na leo mtu ambaye hajawahi kuliona ziwa hilo anamwambia muuzaji, nipe mgebuka wawili. Hakuna jopo lililoketi kumhoji mgebuka kama yeye ni Kiswahili. Tulimkubali kwa kuwa tulimla. Ilungu tulilikataa, nadhani, kwa kuwa halikuwahi kutufikia mezani.

Jioni niliomba nipelekwe kwenye makumbusho ya sanaa, kama utaratibu unavyotaka. Binti akanitembeza mjini. Tuliona mafundi seremala wakichonga vitanda, tuliona kanga sokoni zenye majina yao, tuliona bango la Hospitali ya Dk. Atiman, na hapo nikasimama. Joseph Adrian Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika Karema kwenye mwambao wa Tanganyika mwaka 1889, na akawatibu watu wa sehemu hizi hadi kifo chake mwaka 1956. Maisha ya namna hiyo yangetosha ukumbi mzima wa maonyesho, na hapa yamebebwa na bango la barabarani. Lakini bango lina jina, na jina likiwapo mtu anaweza kuuliza. Picha ukutani sikuzikuta jioni hiyo. “Vitu vyetu vikubwa viko porini, Mwalimu,” binti alisema. “Kesho utaviona. Havina mlango wala tiketi.”

Kesho yake tulitoka alfajiri kuelekea kaskazini, kwa njia ya Chala, hadi ndani ya Wilaya ya Nkasi. Kijiji sitakitaja, kwa sababu kitu nilichokiona huko hakina uzio wala mlinzi, na si kila msomaji wa makala huenda mahali kwa heshima. Tuliacha gari, tukapita kwenye mabua ya mahindi, mzee mmoja mwenye shamba akitutangulia, na mbele ya kichuguu kikubwa mzee akasimama. Halikuwa kichuguu.

Ilungu ni mnara wa udongo. Hilo lilikuwa limenipita kimo karibu mara mbili, pana chini na jembamba juu, upande mmoja umeanguka, na ndani udongo umeiva kwa moto hadi umekuwa mwekundu na mgumu kama tofali. Chini kabisa pana matundu kulizunguka, na mlango mmoja mkubwa kuliko mengine. Wafipa walilijaza mkaa na mawe yenye chuma, wakaliwasha, wakaliacha. Halikuvukutwa. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi: mivukuto tunayoisoma katika habari za wahunzi haikuhitajika hapa, kwa kuwa urefu wa ilungu wenyewe huvuta hewa kupitia matundu ya chini na kuipandisha juu, kama bomba la moshi livutavyo. Moto ukala kwa siku kadhaa bila mkono wa mtu kuupulizia. Chuma kilichotoka kilikuwa bado kina uchafu, kikapelekwa kwenye tanuru dogo la pili liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Kisha mhunzi akapata jembe, shoka, mkuki.

Walioandika habari hizi wanasema ilungu lilihesabiwa kuwa mwanamke, bibi harusi. Lilipambwa, likawekewa dawa chini yake kabla ya kuwashwa, na kazi yake ikafungamana na miiko ya ndoa na uzazi. Chuma kilikuwa mtoto. Sasa, ndugu zangu mnaotunga, niambieni: katika neno tanuri kuna bibi harusi yupi? Tanuri ni neno zuri, limetujia kutoka Kiarabu pamoja na mkate, nasi tunaoka ndani yake na kuchoma chokaa. Lina historia yake na joto lake. Lakini nikilisikia naona mkate. Mtunzi wa miaka kumi na sita alikuwa ameandika ubeti kuhusu uchungu wa uzazi, akahitimisha kwa ilungu, na kila neno katika ubeti lilikuwa likielekea kwenye tumbo lile la udongo. Mimi nilimwambia aweke jiko la mwokaji.

Kazi ya malungu ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalipokuwa yamejaa sokoni. Mzee hakuwahi kuona moja likiwashwa. Alisimuliwa na babu yake. Lakini jina analo. Wajukuu wake waliokuwa wametufuata walipoulizwa kitu hicho ni nini, mmoja alisema “kichuguu,” mwingine akasema “tanuri la wazee,” na wa tatu, msichana mdogo, akamtazama babu yake na kunyamaza. Nilipata hisia kwamba nilikuwa nimewahi kulisahihisha daftari la kila mmoja wao.

Hapa ndipo penye hoja yangu, nami naomba nisieleweke vibaya. Vitu vinavyowekwa katika makumbusho huhitaji mambo mawili: mahali pa kukaa na maneno ya kuvieleza. Mahali pa kukaa ni kazi ya serikali, wahisani na wahandisi. Maneno ni kazi yetu. Katika ukumbi mmoja wa maonyesho, mbali na Rukwa, niliwahi kusoma kibandiko chini ya kitu cha udongo kilichotoka bara: “Tanuri la asili.” Hapakuwa na jina la watu waliolijenga wala jina waliloliita. Nilipita bila kusimama, na ninyi mngepita. Aliyeandika kibandiko kile alisoma Kiswahili chake kwa walimu kama mimi. Tulimfundisha kwamba neno la kwao ni kosa.

Wakati huohuo neno tulilolikataa limechapwa na wengine kwa fahari. Mmisionari Wyckaert aliandika kwa Kifaransa kuhusu wahunzi wa sehemu hizi mwaka 1914. J. A. R. Wembah-Rashid aliandika kuhusu wafua chuma wa Ufipa mwaka 1969, kwa Kiingereza. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, alifanya utafiti Nkasi na kuandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995, na katika maandishi yake malungu ni jina la teknolojia kamili, likitofautishwa na matanuru mafupi aliyoyaita katukutu. Randi Barndon wa Norwei alitoa kitabu mwaka 2004. Na si chuma peke yake. Hadithi na semi za Wafipa, pamoja na lile simulizi la Milansi la wanawake wageni waliofika mtawala akiwa hayupo na kuutwaa utawala, zilikusanywa na Roy Willis. Kitabu chake cha fasihi simulizi ya Wafipa kilichapwa Oxford mwaka 1978, kwa Kiingereza. Kwa ufupi, mwanafunzi wa Oslo anaweza kuandika ilungu katika mtihani wake na kupata alama. Mwanafunzi wa Sumbawanga aliliandika katika shairi la Kiswahili, akanyang'anywa.

Najua jibu litakalokuja, kwa kuwa mimi mwenyewe nimelitoa mara nyingi. Kiswahili ni cha wote. Kila mtunzi akitia maneno ya kilugha chake, msomaji wa Lamu au wa Maskati atapotea njia. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tuutazame mzigo huo umebebwa na nani hadi sasa. Kijana wa Ufipa anayetaka kusoma tenzi za kale analazimika kujifunza kwamba mato ni macho na nti ni nchi. Hatumwambii mshairi wa Kiamu kuwa mato si Kiswahili. Tunamwambia kijana ajifunze, naye anajifunza, na akishajifunza anaringa nalo. Ni vyema. Ninachouliza ni kwa nini barabara hii imekuwa ya upande mmoja, kana kwamba aliyeko Lamu hana uwezo wa kujifunza neno moja la mizani tatu kutoka Nkasi, tena neno linalotamkika bila shida na lenye kina kinachofungamana na Mungu, uchungu na mbingu.

Wala si jambo jipya. Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985 alitupa kung'atuka, neno la kwao, Kizanaki, na magazeti yakalimeza siku hiyohiyo. Ikulu ilitoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Wanasarufi wenyewe, walinzi wa lango, wanapanga nomino zao katika ngeli, neno lililotoka Uhaya. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilipochapwa mwaka 1980 tulipata humo ukulima, uvuvi, dawa, pombe na mapishi ya kisiwa kizima. Mtu akitaka makumbusho ya Ukerewe yapo katika kurasa zile. Kila mara mlango ulifunguliwa na mkubwa mwenye jina, au na hitaji la dola, au na mtu aliyekuwa tayari kungoja miaka thelathini na mitano. Mwanafunzi wa kidato cha nne hakuwa na lolote kati ya hayo matatu. Alikuwa na kina tu.

Mipaka ipo, nami sitaki kuonekana nimegeuka mfuasi wa kila neno. Kama Kiswahili kina jina la kitu kilekile, mtunzi asitafute la kilugha kwa kujipamba. Jembe ni jembe hata Ufipa. Lakini kitu kikiwa na umbo lake, kazi yake na watu wake, na jina la Kiswahili tunalolipendekeza linamwonyesha msomaji kitu kingine, basi neno la wenyewe ndilo sahihi na letu ndilo kosa. Mtunzi aliweke katika ubeti, na chini ya shairi atie maelezo ya mstari mmoja, kama tufanyavyo kwa maneno ya kale ya pwani. Waamuzi wa mashindano, na nasema hivi nikijua kuwa baadhi yenu mnasoma hapa, mkikutana na neno msilolijua, muulizeni mtunzi kabla ya kuinua kalamu. Mimi nilikuwa na namba ya simu ya shule yake katika karatasi ileile niliyoichora.

Kalambo hatukufika, siku tatu ni chache na njia ya Matai ingetuchukua siku nzima. Tuliyazungumza maporomoko hayo jioni ya mwisho, tukiwa tumejikunyata jikoni kwa binti, uji wa ulezi mikononi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitangaza kwamba karibu na hapo, upande wa Zambia, wachimbuaji walipata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, umri wake yapata miaka 476,000. Waliolichonga walikuwapo kabla ya wanadamu wa aina yetu. Binti alisema kinachomhuzunisha si kwamba hatujui sura zao. Ni kwamba bila shaka kile kitu walikiita kwa namna fulani, kwa sauti au kwa ishara, na hilo halitachimbuliwa kamwe. Kisha akakumbusha kwamba si mbali na hapo Joseph Thomson aliliona Ziwa Rukwa mwaka 1880 akaliita Leopold, na kwamba Wajerumani waliiita Kasanga Bismarckburg. Majina hayo leo wanayajua wasomaji wa ramani za zamani tu. Wavuvi waliendelea kusema Rukwa na Kasanga, bila kumjibu mtu, hadi wageni wakachoka.

Mama yake, aliyekuwa akikoroga sufuria, aliniuliza kama kweli nilisafiri kutoka Mbeya kwa ajili ya neno. Nikamjibu ndiyo, mama. Akasema, “Basi ongeza uji.”

Nilirudi na basi la asubuhi. Kabla ya kuondoka nilimpa binti karatasi yake ya zamani, na juu ya mstari mwekundu nilikuwa nimeandika kwa wino wa buluu kwamba alama zimerudishwa, ingawa shindano limekwisha, zawadi zilikwisha gawiwa, na aliyeshinda hana kosa. Sijui kama hilo ni malipo. Ndani ya basi, kati ya Laela na Tunduma, nilijaribu pia kulipa kwa sarafu yetu:

Nimeliona ilungu, mama mzazi wa chuma,
Refu laitaka mbingu, upepo ndani wavuma,
Kwa mkono huu wangu, jina lake nilizima,
Leo narudisha fungu, neno lirudi kusema.

Nilimtumia ubeti huo kwa simu usiku uleule. Jibu lilikuja asubuhi, akiwa tayari darasani. Alishukuru. Alisema vina vimekaa na mizani imetimia, na kwamba atawasomea watoto. Kisha akaongeza: “Ila mshororo wa pili una kosa, Mwalimu. Upepo hauvumi ndani ya ilungu. Unavutwa.”

Ana haki, na mzee alikuwa amenieleza jambo hilohilo nikiwa nimeingiza mkono wangu ndani ya tundu. Tangu juzi natafuta mizani nane zinazoishia na ma, zenye hewa inayovutwa kwenda juu. Nimejaribu “pumzi yapanda kwa hima.” Nimehesabu mara mbili, ni tisa.